Meli Iliyozama Kimya: Tulivyochagua kati ya Simulesheni ya Maji na Mfumo wa Chembe

Shoti namba 14 ya filamu yetu ina urefu wa sekunde 22. Kwa fremu 25, yaani picha 25, kila sekunde, hizo ni fremu 550. Ndani yake meli ya mita 71 inazama Ziwa Tanganyika bila kupigwa mzinga, bila moto, na wanaoizamisha ni mabaharia wake wenyewe. Ilitumalizia wiki saba. Tano kati ya hizo zilipotea kwa sababu nilichagua njia ya kutengeneza maji kabla sijajua maji yenyewe yangefanya nini. Nakieleza kisa chote pamoja na hesabu zake, kwa kuwa vijana wanaoingia kwenye kazi hii huniuliza swali lile lile kila mara: nitumie simulesheni au nitumie chembe?

Meli hiyo hapa Kigoma haihitaji utambulisho. Ni Liemba. Kabla ya kupewa jina hilo iliitwa Graf von Götzen. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000 na kusafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha ikaletwa bara. Reli ya Kati ilifika Kigoma 1914. Meli ikaunganishwa hapa hapa na kushushwa majini 1915, vita vikiwa vimeshapamba moto. Tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani walipoona Kigoma inawatoka mikononi, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Waliizamisha kwa uangalifu mkubwa. Injini zilipakwa grisi nzito ili zisiliwe na kutu, maana walitumaini kurudi kuichukua. Hawakurudi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba.

Shikeni neno hilo, uangalifu. Lilikuwa kwenye ukurasa wa pili wa hati ya filamu tangu siku ya kwanza, nami nililipita kama mtu anayepita kibao cha barabarani.

Filamu yenyewe ni ya kihistoria, ya nusu saa, kwa ajili ya shule. Mwongozaji alitoka Dar es Salaam. Sisi tulikuwa wanne kwenye chumba cha kupanga pale Mwanga, hapa hapa Kigoma: mmoja wa kuunda maumbo, mmoja wa rangi na mwanga, mmoja wa kuunganisha tabaka, na mimi wa maji, moshi na vumbi. Kompyuta kubwa ilikuwa moja, yenye memori ya gigabaiti 32. Programu yetu ni Blender, ya michoro ya kompyuta, ambayo ni ya bure.

Chembe na majirani zake

Nieleze njia hizi mbili kwa ufupi, kwa sababu watu huzichanganya.

Mfumo wa chembe ni wa zamani zaidi katika michoro ya kompyuta. William Reeves aliueleza katika makala ya 1983, baada ya kuutumia kutengeneza ukuta wa moto kwa ajili ya filamu. Kila chembe huzaliwa mahali fulani, hupewa kasi, umri, ukubwa na rangi, huvutwa na uvutano na upepo, kisha hufa. Ukiwa na chembe 10,000 unafanya hesabu 10,000 kwa kila hatua. Zikiwa 20,000, hesabu ni 20,000. Hakuna cha kukushtua.

Simulesheni ya maji inaanzia kwenye milinganyo ya Navier, aliyeiandika 1822, na Stokes, aliyeikamilisha 1845. Hiyo ni milinganyo ya giligili, neno la darasa la fizikia linalojumlisha vimiminika na gesi. Kompyuta hukata boksi la nafasi katika seli ndogo, na kila seli hutakiwa kukubaliana na majirani zake kuhusu kasi na mgandamizo, ili maji yasiongezeke wala yasipungue. Jos Stam alionyesha mwaka 1999 namna ya kuifanya hesabu hiyo isilipuke, yaani namba zisikue ovyo, hata ukipiga hatua kubwa za muda, na tangu hapo watu wa filamu wakaanza kuitumia kwa ujasiri. Mwaka 2020 Blender toleo la 2.82 lilikuja na Mantaflow, mfumo mpya wa simulesheni unaofanya maji na moshi kwa pamoja, na vijana wa vyumba kama chetu tukaupata bila kulipa chochote.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba simulesheni ya siku hizi nayo ina chembe. Njia inayoitwa FLIP, ambayo Zhu na Bridson waliileta kwenye michoro mwaka 2005, hubeba maji kwa chembe na kuyasukuma kwa gridi, yaani zile seli. Ukifungua faili utaona mamilioni ya nukta na utasema, mbona hizi ni chembe tu? Ni chembe kweli. Ila chembe ya simulesheni humuuliza jirani kabla ya kusogea, na chembe ya mfumo wa chembe haiulizi mtu. Gharama yote iko kwenye kuuliza huko, na uzuri wote pia uko hapo.

Wiki tano

Niliposoma "meli inazama" nilisema simulesheni, papo hapo. Maji mengi, chombo kikubwa, maji yanaingia ndani ya kitu: nani angewaza kingine? Nikaweka boksi la mita 120 kwa 60 kwa 40, meli katikati.

Jaribio la kwanza lilitoka kama mtoto anayecheza na kopo kwenye karai. Maji yalirukaruka haraka haraka, matone yalikuwa manene kama ngumi za jitu. Nilibadilisha unato, nikabadilisha idadi ya hatua, nikakaa siku nne nikigusa vitu visivyohusika. Kumbe umbo la meli lilikuwa limeundwa kwa vipimo vya moja ya kumi ili liwe jepesi kulizungusha kwenye skrini, na nikalipokea bila kulipima. Meli yangu ilikuwa na mita 7.1, na boksi nililolizungushia liliufuata ukubwa huo huo.

Kosa hili limeharibu kazi nyingi, kwa hiyo tulieni hapa kidogo. Uvutano haupungui eti kwa sababu umeipunguza meli. Tone la maji linalodondoka kutoka ukingo wa sitaha ulio mita 5 juu ya ziwa hutumia sekunde moja kufika chini, yaani fremu 25. Kutoka nusu mita hutumia takriban theluthi ya sekunde, fremu 8. Jicho la mtu, hata asiyejua fizikia, linajua tofauti hiyo. Halisomi ukubwa wa meli kwenye skrini, linasoma muda wa kudondoka kwa tone. Ndiyo maana watu wa filamu wa zamani walipopiga picha za meli za mfano waliharakisha kamera kwa kipeuo cha pili cha kipimo: mfano wa moja ya 25 ulipigwa kwa fremu mara tano zaidi, kisha ukaonyeshwa kwa kasi ya kawaida. Siku hizi, kabla ya kugusa chochote, napima umbo na rula ya programu na kuandika urefu wake kwenye karatasi.

Baada ya kurekebisha vipimo, nilianza na seli ya nusu mita. Hizo ni seli 240 kwa 120 kwa 80, jumla milioni 2.3. Saa tisa za hesabu. Asubuhi nikafungua, nikakuta uji. Ziwa lilikwenda juu na chini vizuri, lakini pale maji yalipotakiwa kupanda sitaha yalifika kama ulimi mzito, yakatoboka matundu, yakapotea.

Sababu yake iko kwenye vipimo. Maji yanayovuka ukingo wa sitaha ni tandiko la sentimita 10 au 12, na nguzo za uzio wa pembeni hazifikii hata unene huo. Seli ya nusu mita haivioni vitu hivyo, na kwa kompyuta, kitu kisichofikia seli hakipo. Nikashuka robo mita. Seli zikawa milioni 18.4. Kila ukigawa seli nusu kwa nusu, idadi yake inakuwa mara nane, na kwa kuwa maji hayatakiwi kuruka seli nyingi kwa hatua moja, hatua nazo zinakuwa mara mbili. Mara kumi na sita kwa jumla. Saa tisa zikawa saa 144, siku sita mchana na usiku. Nusu ya boksi ikiwa maji, na kila seli ya maji ikibeba chembe nane, ni chembe zaidi ya milioni 73. Na hata robo mita bado ni mara mbili ya unene wa lile tandiko. Kwa nusu ya robo hiyo ningehitaji chembe karibu milioni 590, ambazo mahali zilipo na kasi zake peke yake ni gigabaiti 14, na siku 96 za kuhesabu.

Nilizijua hesabu hizi. Niliziandika kwenye daftari kwa mkono wangu. Bado nikawasha ile ya siku sita, kwa sababu nilikuwa nimeshamwahidi mwongozaji.

Usiku wa tatu umeme ulikatika. Betri ya akiba ilishika dakika kumi na mbili, jenereta ya jirani ilikuwa haina mafuta. Sikuwa nimewasha chaguo la kuruhusu hesabu iendelee ilipoishia, kwa hiyo nilipowasha kompyuta asubuhi, diski ilikuwa imejaa faili za kashe, yaani matokeo ya hesabu yaliyohifadhiwa, ambazo hazikunisaidia kuendelea. Nilikaa kwenye ngazi za nje nikitazama watu wakienda sokoni. Naikumbuka asubuhi hiyo vizuri kuliko zote za mwaka ule.

Katikati ya haya mwongozaji akapiga simu. "Kaka, nataka maji yaruke. Meli kubwa ile, mtazamaji aruke kwenye kiti." Nikamjibu yataruka.

Kibirizi

Mwenzetu wa rangi ndiye aliyesema nishuke Kibirizi, kwa wavuvi wa hapa Kigoma, nikawaulize watu walioona chombo kikizama, badala ya kuendelea kuangalia video za bahari za nchi nyingine. Nilikwenda jioni, boti za dagaa zikijiandaa kutoka, watu wakipanga taa. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu kando ya boti lililofunikwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza shida yangu. Hakucheka, wala hakushangaa kwamba kuna mtu anataka kutengeneza ziwa ndani ya kompyuta. Aliweka sindano ya nyavu chini.

"Unataka chombo kilichopigwa na wimbi, au kilichojaa maji?"

Nikamwambia kilichojaa. Wenyewe walikifungulia maji.

"Basi hicho hakina kelele. Cha wimbi kinapiga kelele. Kilichojaa kinatulia, kama mtu aliyechoka. Unakitazama, unasema bado, bado. Maji yakifika ukingoni yanaingia yote kwa pamoja, mara moja, hapo hata kusema huwezi. Halafu kinapumua. Kimeshakwenda chini hukioni, lakini maji pale juu yanaumuka, yanaumuka kama unga wa maandazi. Kinapumua muda mrefu, mwanangu."

Nilirudi Mwanga kwa bodaboda na maneno hayo. Njiani ndipo lile neno la ukurasa wa pili likanirudia. Uangalifu. Watu waliopaka injini grisi ili waje waikute nzima, wangeiachaje meli ipige maji kwa kishindo? Mruko wa maji aliouomba mwongozaji, na ambao nilikuwa nimeupa wiki tano, haukuwamo kwenye tukio. Tukio lilikuwa na dakika nyingi za utulivu, sekunde chache za maji kuvuka ukingo, na pumzi ndefu. Kila kimoja kilikuwa maji ya aina yake.

Nilimpigia mwongozaji usiku huo huo, nikamsomea aya ya historia kutoka hati yake mwenyewe, kisha maneno ya mzee. Alinyamaza muda. Halafu akasema, "Niletee hiyo pumzi."

Maji tuliyoyagawa

Uso wa ziwa haukuhitaji simulesheni wala chembe. Jerry Tessendorf alieleza miaka ishirini na zaidi iliyopita namna ya kujenga uso wa maji kwa kujumlisha mawimbi mengi ya urefu na mwelekeo tofauti, na Blender ina kifaa kinachofuata njia hiyo. Maji hayo hayana uzito wala ujazo, ni ngozi tu inayocheza, na kwa ziwa linalotazamwa kutoka mbali yanatosha kabisa. Ila yanahitaji kipimo sahihi. Nilisimama gatini na simu nikihesabu sekunde kati ya wimbi na wimbi: tatu na nusu, karibu kila mara. Wimbi likifika kwenye maji ya kina kifupi hufupika, lakini muda wake haubadiliki, kwa hiyo kuhesabu ufukweni kunakupa wimbi la kilindini. Zidisha muda kwa muda, kisha kwa 1.56, unapata mita 19. Nikaweka hiyo, na upepo wa kusini, kwa kuwa Julai ni kiangazi na upepo wa kusini ndio unaotawala ziwa. Nusu siku ya kazi, na ziwa likawa Tanganyika.

Maji ya kuvuka sitaha ndiyo pekee yaliyobaki na haki ya simulesheni. Yanapanda ukingo, yanazunguka nguzo, yanajaa kona, yanarudi: lazima yaulizane. Lakini kamera inaona sehemu ya tezi tu, yaani nyuma ya meli, kwa sekunde sita. Nikaweka boksi la mita 12 kwa 10 kwa 3, seli za sentimita 6. Piga hesabu: ni seli milioni 1.67, pungufu ya zile za jaribio la uji. Kwa gharama ile ile iliyonipa ulimi mzito wa meli nzima, nilipata tandiko la maji lenye ncha, lililogawanyika kwenye kila nguzo na kukutana tena nyuma yake. Saa saba, usiku mmoja, na safari hii chaguo la kuendelea ilipoishia lilikuwa limewashwa.

Ugumu ulikuja kwenye mshono. Maji ya boksi yalipokutana na ngozi ya ziwa kulikuwa na mstari uliosimama wima kama ukuta wa chupa, siku nne sikuupatia dawa. Mwishowe nilifanya mambo mawili. Kuta za boksi nilizipa mwendo wa juu na chini unaofuata mawimbi yale yale ya ngozi, ili kimo kisipishane, kisha kwenye mita ya mwisho nikayachanganya maumbo mawili taratibu. Mabaki ya mshono tuliyafunika kwa povu la chembe, elfu chache tu, zinazoelea na kufifia. Povu halina haja ya kuuliza jirani, linabebwa.

Pumzi

Hapa ndipo nilipofurahi kuliko mahali popote katika kazi hii.

Viputo vinaonekana kama kazi ya simulesheni, kwa sababu ni hewa ndani ya maji na kila kimoja kinasukuma kingine. Ungejaribu kuvihesabu hivyo ungehitaji seli za milimita. Lakini kiputo kimoja mwendo wake unajulikana vizuri, na kitu kinachojulikana vizuri kinaweza kuandikwa kama kanuni ya chembe. Kiputo chenye upana wa sentimita 20 hupanda karibu mita moja kwa sekunde. Cha sentimita 2 hupanda kama theluthi ya hapo. Kwa hiyo hewa ikitoka mlangoni kwa pamoja mita 10 chini, vikubwa vinafika juu baada ya sekunde 10 na vidogo vinachelewa hadi nusu dakika. Hakuna aliyepanga kuchelewa huko. Kunatokea chenyewe ukiipa kila chembe kasi inayofuata ukubwa wake. Na ndiyo ile "muda mrefu" ya mzee.

Kingine ni kuvimba. Mita 10 za maji zina mgandamizo unaokaribia ule wa anga lote lililo juu yetu, kwa hiyo kiputo kinachotoka hapo kikifika juu ujazo wake umekuwa mara mbili, na upana umeongezeka kwa robo. (Ziwa letu liko mita 773 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kidogo, hivyo kinavimba zaidi kidogo ya hapo, ila tofauti hiyo haionekani kwenye picha.) Nikaweka ukubwa uongezeke kadiri chembe inavyopanda. Kwenye viputo vikubwa nikaongeza kuyumba, na juu vinapofia kila kimoja kikazaa chembe chache za povu.

Nilivizalisha milangoni, kwenye madirisha, na kwenye mdomo wa dohani ulipoingia majini. Viputo 40,000. Hesabu yote ilichukua dakika sita. Baada ya wiki tano za kusubiri siku nzima ili kuona kosa, niliweza kubadilisha mlango mmoja na kuona matokeo kabla chai haijapoa. Niliubadilisha usiku kucha, na hapo ndipo shoti ilipopata uhai, kwa sababu nilikuwa nikiiongoza, siisubiri.

Chembe hazikuweza jambo moja. Zilifika juu zikapasuka, lakini ziwa lilibaki bapa, halikuumuka. Hazina uzito, haziwezi kuyainua maji. Kuiendea simulesheni tena kwa ajili ya hilo kungekuwa kurudi kule kule. Tukafanya hivi: kila fremu programu ilihesabu viputo vilivyo karibu na uso, ikachora ramani ya weusi na weupe, na ramani hiyo ikauinua uso wa ziwa, mwisho sentimita 15. Tulilainisha ramani ili isitetemeke. Maji yakaumuka.

Shoti 15, na kosa la upande wa pili

Isije ikaonekana chembe ndizo zilizoshinda. Shoti 15 ni mwaka 1924, meli ikitoka majini na maji yakimwagika kutoka matundu ya ubavuni. Nikiwa na ujasiri wa viputo, nikaweka chembe. Zilimwagika kama punje za mahindi kutoka kwenye gunia. Kila moja ilidondoka sawasawa na sheria, na zote kwa pamoja hazikuwa maji. Maji yanayomwagika kutoka tundu hutoka kama utepe, utepe unajisokota, unachanika, ndipo unakuwa matone. Ule utepe ni ujirani mtupu.

Tukaweka boksi dogo la simulesheni kwenye tundu moja tu, mita 6 kwa 4 kwa 5, seli za sentimita 4. Karibu seli milioni 1.9. Matundu yaliyoonekana yalikuwa sita. Tulitumia kashe ile ile kwa yote, tukizigeuza mbili kama kwenye kioo na kuanzisha kila moja kwa fremu tofauti, na hakuna mtazamaji aliyewahi kutuambia ameona tundu linajirudia. Utepe ulipochanika, matone yake tuliyakabidhi kwa mfumo wa chembe. Mvuke wa dohani kwenye shoti ya mbali ulikuwa chembe 300 zilizobandikwa picha za moshi, basi.

Tangu kisa hiki nimeacha kujiuliza ni njia gani iliyo bora. Napewa shoti, naitazama mara kadhaa bila sauti, na kwa kila maji yaliyomo nauliza: haya yanalazimika kuulizana, au kila tone lina safari yake? Kisha naangalia ni sehemu gani ya fremu ambayo kamera iko karibu kiasi cha mtazamaji kuiona tofauti hiyo. Mara nyingi sehemu inayohitaji simulesheni hailingani na meli. Inalingana na meza ya kulia chakula.

Siku ya kumaliza nilipeleka laptopu Kibirizi. Mzee alikaa kwenye ukingo wa boti, wajukuu wawili wakimwegemea mabegani, akaitazama shoti 14 bila neno. Akaomba nirudie. Uso wake haukubadilika hadi maji yalipoanza kuumuka, hapo akatikisa kichwa polepole. Kisha akaweka kidole kwenye skrini, kwenye kona ya ziwa.

"Hapa umesema ni mdomoni mwa Malagarasi?"

"Ndiyo, mzee."

"Mdomoni maji si ya buluu hivi. Mto unaleta udongo. Hata kiangazi ukisimama kwenye boti unauona mpaka: huku buluu, huku kijani kibichi cha tope."

Nilimshukuru, nikapanda bodaboda. Maji ya sitaha, viputo na povu vilikuwa kwenye tabaka zake, havikuguswa. Mwenzetu wa rangi alichora mpaka wa mto kwenye ngozi ya ziwa, tukaanza kurenda, yaani kutoa picha za mwisho, saa tatu usiku. Saa kumi na moja alfajiri fremu ya 550 ilitoka, na umeme ulikuwa bado upo.